Mali kauli kwa mtoto wa miaka kumi: Msee wa Boston aliyekopesha watoto stempu

Ulipokuwa na miaka kumi, nani alikukopesha kitu kwa jina lako mwenyewe? Fikiria vizuri. Mama wa kioski haingii hapo, kwa sababu hata alipokupa mkate na maziwa, kwenye kile kidaftari chake aliandika jina la mama yako. Wewe ulikuwa miguu tu ya kubeba mkate.

Sasa sikia hii. Kulikuwa na jamaa Marekani, anaitwa Henry Ellis Harris, ambaye kwa miongo mingi alituma bidhaa kwa posta kwa watoto ambao hakuwahi kuwaona, kabla hawajalipa. Hakuuliza kitambulisho. Hakuuliza mdhamini. Aliuliza jina, anwani, na wakati mwingine sarafu ya senti 10. Bidhaa yenyewe ilikuwa stempu. Ndiyo, zile za kubandika kwenye bahasha. Na kwa biashara hiyo alijenga moja ya kampuni kubwa zaidi za kuuza stempu duniani.

Nilimjua kwa bahati tu. Kuna mzee mmoja wa vitabu vya inama pale mjini, wale wanaotandaza gunia kando ya barabara na wewe unainama kuchagua, na mimi ni mteja wake tangu niache chuo. Siku moja akaniambia, "Kijana, kuna hizi katuni za wazungu, za zamani kushinda mimi. Chukua kwa hamsini." Nikachukua moja. Haikuwa na jalada, karatasi imekuwa rangi ya chai ya rangi, inanuka kabati. Lakini kilichonishika ni ukurasa wa nyuma nyuma. Kona imekatwa kwa makasi, nadhifu kabisa, kama mtu aliyepima kwa rula. Upande wa pili wa karatasi, shujaa wa hadithi anarusha ngumi na ngumi yenyewe haipo. Imeenda na kona.

Nikajiuliza, nani anaharibu katuni yake mwenyewe hivyo? Maandishi yaliyobaki kwenye ukurasa yalikuwa tangazo la stempu. Kona iliyokatwa ilikuwa kuponi. Mtoto fulani, mahali fulani Marekani, alikata ngumi ya shujaa wake ili aandike jina lake na kulituma Boston.

Usiku huo bando langu liliisha nikimtafuta Harris.

Alizaliwa 1902. Biashara aliianza 1916 jijini Washington, akiwa na miaka 14. Angalia hiyo hesabu tena. Ulaya iko kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, na huyu bado ni mwanafunzi, anauza stempu kutoka nyumbani. Baadaye akahamia Boston, na huko ndiko H. E. Harris & Co. ilikua mpaka jina lake likawa kama jina la pili la mchezo wenyewe. Ukimuuliza Mmarekani mwenye umri wa babu yako alianzaje kukusanya stempu, usishangae akikutajia Harris.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu hapa hajawahi kulamba stempu maishani. Si kosa lako. Sisi tulizaliwa tukakuta barua ni ya benki au ya HELB, na imegongwa mhuri wa mashine. Hata sanduku la posta kwa wengi wetu ni la shule ya msingi tuliyosoma, au la kanisa, linaandikwa kwenye CV kujaza nafasi. Kwa hivyo niamini nikisema kwamba zamani stempu ilikuwa ndiyo picha ndogo kabisa ya nchi. Kila nchi iliweka pale mfalme wake, mnyama wake, daraja lake, na kuirusha duniani. Mtoto aliyekuwa na stempu 200 alikuwa na dunia nzima kwenye daftari, na hakuna aliyemlipia tiketi.

Na kwetu tulikuwemo. Kuanzia 1935 kuna stempu zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, majina matatu kwenye kikaratasi kimoja, na kichwa cha Mfalme George pembeni kama mlinzi wa geti. Lakini ukimtoa mfalme, picha ni zetu: korongo mwenye taji, simba, jahazi likikata Ziwa Victoria, Mlima Kilimanjaro, daraja la Jinja, Ziwa Naivasha. Zile za bei ya chini zilichapishwa nyingi sana, na ndiyo maana hadi leo zinajaa kwenye mifuko ya stempu mchanganyiko kila pembe ya dunia. Huenda kuna mtoto wa Ohio aliyeijua Naivasha kabla ya babu yangu, na babu yangu alizaliwa Nakuru.

Sasa turudi kwa hustle. Kabla ya Harris kulikuwa na wauzaji wengine wa stempu, na wengi wao walikuwa wazuri. Uingereza kulikuwa na Stanley Gibbons, aliyeanza 1856 ndani ya duka la dawa la babake huko Plymouth. Lakini kwa wengi wao mteja wa maana alikuwa mtu mzima mwenye saa ya mfukoni na kioo cha kukuzia. Mtoto alivumiliwa. Harris yeye alimgeuza mtoto kuwa mteja mkuu, na akamfuata pale mtoto alipo.

Alipo wapi? Kwenye katuni. Kwenye majarida ya wavulana. Na hii ilinichekesha: kwenye vifuniko vya viberiti. Viberiti! Unaweza kuona kabisa picha hiyo, buda anawasha sigara yake sebuleni, anamaliza njiti, mtoto anaomba ganda kwa sababu ndani kuna tangazo la stempu. Leo mtu akiweka tangazo la watoto kwenye kiberiti, tungemwanika X kutoka asubuhi hadi usiku.

Tangazo lenyewe lilikuwa na fomula. Picha za stempu zenye wanyama, meli, ndege, nchi ambazo jina lake peke yake ni safari. Halafu ahadi ya fungu kubwa la stempu kwa senti chache, mara nyingi 10. Kumbuka katuni yenyewe iliuzwa senti 10 mpaka mwanzo wa miaka ya 1960, kwa hivyo mtoto alikuwa anachagua kati ya hadithi nyingine ya shujaa na dunia kwenye bahasha. Kuponi pembeni. Jaza, kata, tuma Boston.

Halafu chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, kulikuwa na sentensi moja ambayo ndiyo biashara yote. Ilisema kwamba pamoja na fungu lako utaletewa stempu nyingine za kuangalia.

Hapo ndipo nilipoacha kulala.

Mfumo ulikuwa hivi. Bahasha inafika. Ndani kuna stempu ulizolipia, sawa. Lakini kuna pia karatasi nyingine, stempu zimeshikiliwa kwa vipande vidogo vya karatasi ya gundi, na chini ya kila moja kuna bei. Senti 3. Senti 8. Senti 25 ile ya pembetatu inayokuangalia kama mandazi ya saa kumi. Hizi hujalipia. Umepewa siku chache za kuzitazama nyumbani kwako. Unazopenda, unabandua na kuweka kwenye albamu. Zilizobaki unarudisha Boston pamoja na pesa za zile ulizochukua. Ukilipa vizuri, unaletewa nyingine. Na nyingine.

Wazee wa Mombasa wana jina la kitu kama hiki. Wanaita mali kauli. Nakupa mzigo wangu, sijachukua shilingi yako, nimechukua neno lako. Mwenye mali kauli akikuangusha, hajakuibia mali tu, amekula kauli yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mali kauli ya sokoni hupewa mtu anayejulikana, baba yake anajulikana, msikiti wake unajulikana. Harris alimpa mtoto wa darasa la nne anayeishi kilomita elfu mbili kutoka Boston.

Na kisheria? Hakuwa na mahali pa kushika. Mkataba wa mtoto mdogo, Marekani kama hapa kwetu, ni kitu chepesi sana mbele ya hakimu. Nani atampeleka mtoto wa miaka kumi kortini kwa deni la senti 85? Angetumia pesa nyingi zaidi kwa mawakili kabla hata ya kupanda ngazi. Dhamana yake yote ilikuwa kwamba mtoto, akiwa peke yake chumbani na stempu ya pembetatu ambayo hakuna anayejua kama aliilipia, atatafuta sarafu na bahasha.

Nikuambie kwa nini hii ilinigusa, usidhani mimi ni mtu wa stempu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni pesa zilipokatika. Nikafanya kile ambacho hata wewe pengine umefanya: nikapakua apu ya mkopo. Elfu moja mia tano. Nikachelewa siku tisa. Siku ya kumi wakampigia mathe. Halafu shangazi. Halafu jamaa aliyekuwa kiongozi wa darasa letu, ambaye sina hata urafiki naye, namba yake tu ilikuwa kwenye simu. Walimuuliza kama ananijua na kama anajua mimi ni mtu wa kutolipa madeni. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilikuja kupiga marufuku mambo hayo ya kuwapigia watu walio kwenye simu yako, lakini mathe alikuwa ameshapokea simu yake. Nililipa. Chuo sikurudi, kwa sababu nyingine nyingi, ila nikiulizwa huwa naikumbuka ile simu kwanza.

Kwa hivyo niliposoma kuhusu mtu aliyekopesha watoto bila kushika namba ya mama yao, nilitaka kumpenda moja kwa moja. Nilitaka awe malaika.

Hakuwa malaika. Kaa hapo, tumkague.

Kwanza, ile sentensi ya herufi ndogo. Watoto wengi hawakuisoma. Ungesoma wewe? Mtoto alidhani kila kitu kwenye bahasha ni chake, ameshatoa sarafu yake, mambo kwisha. Akabandua, akabandika, akawaonyesha mabeshte. Baada ya muda ikaja barua ya kumkumbusha kwamba ana deni. Wauzaji wa mtindo huu walijua kuandika barua hizo, kwa adabu mwanzoni, halafu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kuna wazee Marekani leo wanaocheka wakisimulia jinsi walivyofikiri polisi wanakuja kuwachukua kwa sababu ya stempu. Wanacheka sasa. Siku ile hawakucheka, na mzazi aliyefungua barua hiyo kabla ya mtoto hakucheka pia.

Pili, hesabu. Harris hakuwa anatoa sadaka. Stempu za kawaida zilizotumika alizipata kwa jumla, rahisi sana. Kulikuwa na biashara nzima ya stempu za uzani, zilizokatwa kwenye bahasha kuukuu na kupimwa kwa kilo kama mbatata. Ukishaziloweka kwenye maji, zikaachana na karatasi, ukazikausha na kuzipanga, kile kipande ambacho kwako ni karibu bure, kwa mtoto ni senti 5. Wakipotea watoto watatu kati ya kumi, wale saba wameshawafidia na chenji ikabaki. Nilifanya hesabu hiyo mara mbili kwa simu, na ukweli ni kwamba uaminifu wake ulikuwa umeshalipiwa bima na bei yake.

Tatu, ndoto. Watoto wengi walikua wakiamini kwamba albamu ile siku moja itawalipia nyumba. Haikuwalipia. Ukienda leo na albamu ya utotoni iliyojaa stempu za fungu la senti 10, muuzaji atakuambia kwa upole uwape wajukuu. Kitu kilichochapishwa kwa mamilioni, na kikahifadhiwa na mamilioni, hakiwezi kuwa adimu kwa sababu tu umekipenda. Ukitaka kuelewa kirahisi, waulize masponsa wa sarafu za kidijitali wa mtaani kwenu.

Lakini hebu nikupe hadithi moja ya upande wa pili, maana hiyo ndiyo iliyonirudisha kwake.

Oktoba 1962, Mfereji wa Panama. Wakati huo ukanda wa mfereji ulikuwa chini ya Marekani na ulikuwa na stempu zake. Daraja jipya likafunguliwa juu ya mfereji, wakaliita Thatcher Ferry, na siku hiyo hiyo ikatoka stempu ya senti 4 yenye daraja hilo kwa rangi ya fedha. Kampuni ya Harris ikaagiza mzigo, kama kawaida. Kwenye mzigo kukawa na karatasi moja ya stempu 50 ambayo mashine iliruka rangi ya fedha. Yaani stempu ya kusherehekea daraja, na daraja lenyewe halipo. Maji yapo, nchi kavu ipo, jina la daraja limeandikwa hapo. Daraja, hewa.

Bei ya posta ya karatasi ile yote ilikuwa dola mbili. Kwa wakusanyaji, kosa kama hilo ni dhahabu, kwa sababu hakuna anayeweza kulirudia. Au ndivyo walivyodhani.

Mwezi huohuo Marekani yenyewe ilikuwa imetoa stempu ya kumkumbuka Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kutafuta vita vya Katanga visimame. Msiba wa karibu na kwetu kabisa. Stempu hiyo nayo ikatoka na makosa, rangi ya manjano ya nyuma imegeuka juu chini, na sonara mmoja wa New Jersey akajikuta ana karatasi yake. Mkuu wa Posta wa Marekani, J. Edward Day, hakupenda watu watajirike kwa kosa la ofisi yake. Akaamuru kosa lichapishwe tena makusudi, milioni 40. Sonara akalala tajiri, akaamka na karatasi ya senti.

Watu wa mfereji wakaona hiyo ni akili. Wakasema nasi tuchapishe zetu zisizo na daraja, nyingi, kila mtu apate.

Harris akaenda kortini.

Mtu mzima wa miaka sitini, tajiri tayari, anaishitaki serikali kwa sababu inataka kuchapisha kosa makusudi. Ukiangalia juu juu ni uchoyo, na sikatai, ile karatasi ilikuwa yake. Lakini fikiria amekuwa akiwaambia nini watoto kwa zaidi ya miaka arobaini. Chukua kioo. Angalia meno ya pembeni, hesabu. Angalia rangi. Angalia stempu kama hakuna mwingine amewahi kuiangalia. Ikiwa kila ukipata kosa, mwenye mashine anaweza kugeuka na kulifanya la kawaida kwa hasira, basi yule mtoto aliyekaa kitandani na kioo cha kukuzia anatafuta nini?

Kesi ikaenda mpaka 1965, na mahakama ikampa Harris haki. Serikali ikakatazwa kuchapisha kosa lile. Hadi leo stempu ya daraja lisilokuwepo ni adimu, na moja peke yake huuzwa kwa maelfu ya dola. Ile ya Hammarskjöld iliyogeuzwa unaweza kuipata kwa bei ya pipi.

Miaka ya 1970 kampuni yake ikachukuliwa na General Mills, ile kubwa ya vyakula inayotengeneza Cheerios. Harris akafariki 1977. Biashara ikazidi kubadilisha mikono, na siku hizi jina H. E. Harris utalikuta zaidi kwenye albamu za kuhifadhia sarafu kuliko stempu. Watoto walihama. Kwanza televisheni, halafu michezo ya video, halafu barua zenyewe zikaisha. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Hapo ningekuacha, lakini mzee wa inama alinirudisha kwenye jambo.

Nilikuwa nimenunua kwake katuni nyingine kama ishirini hivi, nikiwa na wazo la kuziuza mtandaoni. Hakuna aliyenunua. Zikakaa kwenye boksi la indomi chini ya kitanda. Jioni moja Aprili, shule zimefungwa, watoto wa ploti yetu wamekaa kwenye ngazi wanagombania simu moja iliyopasuka kioo, nikashuka na boksi.

Nikawaambia hivi: kila katuni ina bei nyuma, nimeandika kwa penseli. Shilingi 20, 30, kuna moja ya 50. Chukueni mkasome. Mtu akipenda yake, alete pesa Jumamosi ijayo. Asiyependa arudishe. Sitaki kujua mama yenu ni nani.

Wakaniangalia kama nimelewa. Mmoja akauliza, "Na tukikosa kuleta, bro?"

"Utakuwa hujaleta."

Msichana mmoja mdogo, sidhani kama amefika miaka tisa, akasoma bei ya kila moja kwanza, halafu akachukua ya 20 na kuniuliza kama akiichafua kidogo bei inabaki ileile. Nikamwambia ndiyo. Akaangalia mikono yake, akaenda kunawa kwenye mfereji, akarudi kuichukua.

Katuni zilikuwa 20. Jumamosi zikaja pesa za 11 na zikarudi 5. Nne zikakosekana. Mama mmoja alinisimamisha kwenye lango akanifokea kwamba nafundisha watoto kukopa, na sikuwa na jibu zuri, kwa sababu usiku kucha nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Tofauti kati yangu na ile apu ni nini hasa? Kwamba sikupiga simu? Kwamba hasara ilikuwa shilingi mia moja na kitu, naweza kuimeza? Nikamwambia pole, mama. Akasema pole haisomeshi mtoto. Halafu akatoa shilingi 30 kwenye leso, za kijana wake, na hakutaka kuzirudisha mfukoni hata nilipokataa.

Kwa hivyo zikabaki tatu.

Moja ya hizo tatu ilikuwa ile ya kona iliyokatwa. Niliiweka boksini bila kukusudia. Sitakudanganya, iliniuma, na nilishaanza kumtazama kila mtoto kwenye ngazi kwa jicho la askari kanjo.

Wiki mbili baadaye, shule zimefunguliwa, mtu akagonga mlango asubuhi. Ni kijana wa ghorofa ya tatu, amevaa sare, mkoba mgongoni, amechelewa wazi. Ana katuni mkononi na sarafu mbili za kumi.

"Bro, hii ilikuwa na shimo," akasema, akifungua ule ukurasa. "Sikuwa nataka ufikirie ni mimi. Nilikuwa natafuta hiyo ngumi kwa nyumba yote."

Shimo lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, imebandikwa kwa selotepu kutoka nyuma. Juu ya mistari ya mraba ya samawati alikuwa amechora ngumi kwa kalamu ya wino. Ni kubwa mno kwa ule mkono, na ina vidole sita.

Nikamwambia abaki na katuni. Akakataa, akasema hajaipenda sana, amelipia kwa sababu amechora ndani. Halafu akakimbilia shule.